Mafuta Yasiyonukia Karanga

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mkamuaji wa mafuta ya karanga. Ana chumba kimoja chenye mashine ya kukamulia na jiko la kukaangia, na kwa miaka ishirini na tatu amekuwa akirudi nyumbani akinukia karanga hadi kwenye nyusi. Mtaani wanamwita Tone, kwa sababu haondoki kwenye kiti chake mpaka tone la mwisho lishuke. Ni mpole, mzito wa maneno. Mimi wananiita Redio, na sababu haihitaji maelezo.

Dada alipoanza kubanwa na kifua akipanda ngazi, mimi na Shemeji ndio tuliompeleka hospitali. Mshipa wa moyo wake ulikuwa umezibwa nusu na mafuta. Daktari alimwandikia dawa za kila siku, kisha akauliza anapikia nini. Dada akasema mafuta ya kuganda, yale ya kopo, tangu aolewe.

Daktari akavuta karatasi akachora mistari. "Mafuta ya kopo ni kama kuni zilizonyooka," alisema. "Zinapangika, zinabanana, ndiyo maana yanaganda. Ya karanga, ya zeituni, ya parachichi, sehemu kubwa ni kuni zenye kona moja. Hazipangiki vizuri, ndiyo maana yanabaki majimaji. Pikia hayo mahali pa yale. Mahali pake, Mama, si kuyaongeza juu yake. Lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa, itapungua kwenye damu."

Shemeji aliiomba ile karatasi akaibandika ukutani juu ya mashine yake. Nakuapia, hata siku ya harusi yake sikumwona na uso ule. Kumbe kitu alichokikamua maisha yake yote kingeweza kumsaidia mkewe! Tangu wiki ile akawa anatenga karanga za Dada peke yake. Anazichambua kwa mkono, yenye ukungu nje, iliyosinyaa nje, anakamua, anaacha mafuta yatulie siku tatu, anachuja kwa kitambaa, na kila Jumamosi analeta chupa moja yenye tarehe.

Wiki ya tatu akaharibu. Tulikuwa mezani, nami nipo kama kawaida yangu ya Jumapili. Akatia kijiko mdomoni, akacheka: "Mke wangu, kutwa nzima karanga, nikija nyumbani tena karanga? Nitaota majani!"

Tulicheka wote. Dada naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye sahani ya mumewe, ambayo haikwisha. Ndivyo alivyokuwa dada yangu. Sahani ya mumewe ikibaki na chakula, hana raha siku nzima.

Jumapili iliyofuata niliingia jikoni kuchukua maji, nikalikuta lile kopo la mafuta ya kuganda nyuma ya debe la unga.

"Dada! Na daktari je?"

"Punguza sauti. Kupika sufuria mbili siwezi, mdogo wangu. Mwenzangu sasa anakula vizuri. Na dawa si nameza?"

"Nitamwambia."

"Haya, mwambie. Sitakuambia kitu tena mpaka naingia kaburini. Redio we!"

Iliniuma. Maisha yangu yote nimesemwa kwa huu mdomo. Nikaapa kwamba safari hii nitawaonyesha najua kutunza siri. Na niseme ukweli wote: chakula kilikuwa kitamu, nikaongeza sahani.

Siku nne baadaye nilipita kazini kwa Shemeji. Jiko la kukaangia lilikuwa limepoa. Akanipa chupa ya mafuta mepesi, karibu na rangi ya maji.

"Nusa."

Nikanusa, sikupata kitu.

"Za kwake sizikaangi tena," alisema. "Nazikamua mbichi, polepole. Yanatoka kidogo na yanachukua siku nzima, lakini hayanukii karanga. Ya Jumamosi ndiyo yalikuwa ya kwanza. Na wewe si ulikuwepo Jumapili? Chakula kilinukia karanga? Hata! Nimepatia, Shemeji. Ila usimwambie. Nataka agundue mwenyewe."

Nilisimama pale na siri mbili mdomoni. Dada, fungua chupa. Maneno matatu tu yangetosha. Nikayameza, nikajiona nimekua. Ataifungua tu, niliwaza, kama si leo kesho.

Ikapita miezi minane. Kila Jumapili Shemeji alikula, akasifu, akanikonyeza. Dada naye akanikonyeza kutoka upande wa pili. Mimi katikati nikatabasamu kama mjinga.

Dada alianguka asubuhi ya Jumanne akianika nguo. Hatukufika naye hospitali.

Wiki mbili baada ya mazishi, Shemeji aliniita tupange vitu vya Dada. Kwenye kabati la chini jikoni, nyuma ya ndoo, tulikuta chupa thelathini na nne. Zote zilikuwa zimejaa, vizibo havijaguswa, tarehe kwa mwandiko wa Shemeji. Alizipanga mezani moja baada ya nyingine. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwa unakula nasi. Ulijua?"

Nilimwambia yote, la kopo na lile la kunyamaza kwangu. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningemshukuru.

"Alijua kwamba siku hizi sizikaangi?"

"Hakujua, Shemeji."

Alikwenda kwa daktari kuuliza. Daktari akamwambia moyo ule ulikuwa umechoka muda mrefu, kuna presha, kuna umri, na hakuna mtu anayeweza kusema chupa zile zingemwokoa. Shemeji aliitikia kwa adabu, akarudi nyumbani na swali lake. Mimi pia ninalo, na halinitoki.

Jumapili iliyopita alikuja kula kwangu. Nilimpikia kwa chupa ya mwisho, yenye tarehe ya Jumamosi ile kabla Dada hajaanguka. Nilikizungusha chakula mdomoni nikitafuta karanga, sikuzipata hata kwa mbali. Shemeji alikula taratibu.

"Hayanukii," alisema.

"Hayanukii, Shemeji."

Alilia hapo hapo mezani, kijiko mkononi, na mimi nikalia naye. Kisha akajifuta uso, akaendelea kula. Alipoondoka nikachukua sahani yake kuiosha. Hakuwa amebakiza kitu.