Dobi na Chumba cha Juu ya Magego

"Hivi wewe mwenzangu, mdomo huo huufungi hata ukipiga pasi?" jirani alimuuliza Dobi siku moja, amesimama mlangoni na fungu lake la mashuka.

"Nikiufunga, nani atakujibu maneno yako?" Dobi akamrudishia, wakacheka wote wawili.

Lakini ukweli aliujua yeye na Mungu wake. Tangu ateleze bafuni miaka tisa iliyopita na kupiga uso kwenye ukingo wa karo, pua yake ilibaki pambo tu. Ilifunguka kidogo penye mvuke wa pasi, ndiyo maana hakupenda siku ya mapumziko. Akila, anatafuna, anaacha, anahema, ndipo anatafuna tena. Na magego ya juu upande wa kulia yalikwisha kung'olewa, tonge linahamia kushoto kama mpangaji aliyefukuzwa.

Binti yake, aliyefundisha shule ya mbali, aliomba likizo ya wiki mbili ili mama apandikizwe meno. Fomu ya daktari wa meno aliijaza yeye. Penye swali la pua aliandika "hana shida," maana mama hakuwahi kulalamika. Siku ya kuchukua umbo la taya, walipomjaza kinywa ule uji mzito unaoganda, Dobi alikamata mikono ya kiti, machozi yakamtiririka, akasali kimyakimya mpaka ulipotolewa.

"Mama yangu jasiri," binti akasema.

Dobi akajifuta machozi. Utamwambiaje mtoto aliyekuja kwa upendo namna ile?

Leo daktari wa meno aliwaonyesha picha kwenye kompyuta.

"Mama, juu ya magego kuna chumba cha hewa, mlango wake uko puani. Magego yakitoka, sakafu yake hushuka. Mfupa wako umebaki milimita tatu. Lazima tuinyanyue sakafu, tuongeze mfupa, ndipo skrubu ya jino ipate pa kushika." Kalamu yake ikapanda juu ya picha. "Ila chumba kimejaa kamasi, na ukuta wa katikati ya pua umepinda. Kama ni mafua, utakunywa dawa, Jumatatu tunaendelea. Kama mlango umeziba, uchafu utaingia kwenye mfupa mpya na kazi yote itaharibika. Unapumua vizuri kwa pua?"

"Mafua tu hayo, daktari," binti akadakia. "Likizo yangu nayo inaisha Ijumaa ijayo."

Pembeni kulikuwa na kitambaa cha kijani chenye tundu la mdomo. Nesi alishaeleza kwamba kitamfunika uso saa nzima na nusu. Dobi akajiona chini yake, kinywa kimejaa mikono ya watu, hewa haina pa kupita. Kifua kikambana palepale alipoketi. Akamtazama binti, uso unang'aa kwa matumaini. Daktari akaanza kuandika dawa ya mafua.

Dobi akamshika binti mkono.

"Mwanangu, si mafua. Sipumui kwa pua, huu mwaka wa tisa. Naomba unipeleke kwanza kwa daktari wa pua."