Barua Iliyobaki Ofisini

Kazi yangu ya kwanza ya kukaa kwenye kiti mjini Brussels niliipata kwa sababu ya mwandiko mbaya wa marehemu. Ilikuwa katikati ya miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaogesha wazee wa watu huko Evere, kitongoji cha mji ninachoishi, kazi ninayoiheshimu mpaka leo, ila mgongo wangu hauiheshimu. Hifadhi moja ya nyaraka, ambayo sitaitaja, ilikuwa imepokea masanduku ya barua za Kiswahili zilizoandikwa Kongo enzi za ukoloni, na hakuna mtu pale aliyeweza kuzisoma. Alikuwepo msomi mmoja wa lugha aliyejaribu. Alihangaika na mwandiko wa ukurasa mmoja siku nzima, kisha akaenda likizo. Nikaitwa mimi, binti wa karani wa Bukavu, niliyekuwa nikiwasomea majirani barua zao tangu nikiwa na miaka tisa.

"Andika kilichomo kwenye karatasi, madame," mkuu wa hifadhi aliniambia siku ya kwanza. "Usiandike unachokijua wewe." Alikuwa mtu mrefu wa Flandria, mpole, mwenye sweta moja ya kijivu kwa majira yote, na mkate wake wa jibini aliula saa sita kamili hata kama jengo lingekuwa linaungua. Nilimpenda, na kwa miaka mingi nilimtii.

Barua zenyewe zilikuwa zimesafiri kuliko sisi wote. Ziliandikwa na watu wa vijijini kwa ndugu zao waliofanya kazi katika kampuni ya migodi, mbali kusini. Mfanyakazi aliyetaka ruhusa ya kwenda kwao ilibidi aipeleke barua ofisini kama ushahidi, nayo ilibaki huko ndani ya faili, ruhusa ipatikane isipatikane. Miaka ikapita, kampuni ikataka kuchoma mafaili, na mwanafunzi mmoja Mbelgiji aliyesomea lugha akaomba apewe barua. Alikuja kuwa profesa kwa barua hizo. Alihesabu vitenzi vyake, akachora majedwali, akaandika tafiti nene kuhusu Kiswahili cha wafanyakazi, na alipofariki mjane wake akaleta masanduku yote pamoja na madaftari. Katika madaftari hayo salamu, ambazo katika barua nyingi hujaza robo tatu ya karatasi, aliziita "sehemu isiyo na habari". Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, halafu nikakasirika, halafu nikarudi kazini.

Kazi ilikuwa hivi. Unaitoa barua, unailaza kwenye skana, unapiga picha maandishi ya mwandishi mwenyewe. Unayanakili neno kwa neno. Mwisho unaandika muhtasari wa Kifaransa, mistari mitatu, kwa ajili ya wasiojua Kiswahili, na hao ndio karibu wote. Mihuri ya ofisi na maandishi ya penseli ya mabwana wa kampuni hatukuvipiga picha. Mradi ulikuwa wa barua za watu, si wa kampuni.

Sasa nieleze jambo ambalo kila aliyezaliwa kwetu analijua. Kifo hakiandikwi. Barua inaweza kumkuta mtu peke yake, njiani, amesimama juani, na hapo nani atamshika? Habari ya kifo hutolewa kwa mdomo, mwenyewe akiwa ameketi na watu wamemzunguka. Kwa hiyo karatasi husema fulani anaumwa kidogo, njoo upesi, na msomaji anaelewa, anafunga mzigo, anaanza safari. Watu wa pwani husema mficha maradhi kilio humfichua. Sisi kilio ndicho tunachokificha, ndani ya maradhi. Hata simu haikubadilisha kitu. Baba yangu alipofariki, mwaka wangu wa pili hapa, kaka alinipigia kuniita nyumbani: "Papa eko anaumwa kidogo. Ukuye." Nilikuwa nimeshika taulo la mzee mmoja wa Evere. Sikuuliza anaumwa nini. Nilimkausha yule mzee miguu, nikamvika soksi, kisha nikaketi kwenye ukingo wa bafu nikalia.

Basi mtu huyo huyo, aliyelizwa na "anaumwa kidogo", alikaa mbele ya kompyuta, na kila alipokutana na maneno hayo akaandika kwa Kifaransa: mgonjwa kidogo. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Amri ya mkuu ni sehemu tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi. Katika mkutano mmoja nilikuwa nimemsikia msomi mwingine akisema kwamba watu wa kule huchanganya ushahidi na kumbukumbu zao, nikaapa kwamba mimi hawatanikamata. Nilitaka kuwa safi kuliko wao.

Miaka michache baadaye barua zote zikawekwa kwenye mtandao. Wa kwanza kuja kati ya watu wa kwetu alikuwa mzee mmoja wa Ganshoren, kitongoji kingine cha Brussels. Aliongozana na binti yake, nesi aliyezaliwa hapa hapa, ambaye alikuwa ameandika jina la babu yake kwenye kompyuta kama mchezo, na barua ikatokea. Mzee alivaa suti na tai, kofia mkononi. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana Bukavu mtaa gani na parokia gani, na ndipo alipotoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ulikuwa muhtasari wangu.

"Maman, nimekuya kuomba copie moja," alisema. "Yenye cachet, muhuri kabisa. Nitaitumia bandugu zangu."

Nikamuuliza ni ya nini.

"Juu ya kubaonyesha. Bon, mama yangu alikufa mi nikiwa mutoto muchanga. Baba alikuwa kule ku mugodi, mupishi. Bakamwita, hakukuya. Alifika kisha miezi tatu, na valise mupya, sanduku ya nguo. Nilipokuwa mukubwa nikamuuliza. Akasema, 'Nilipeleka barua ku bureau.' Alors, nikamwambia, barua iko wapi? Hakuwa nayo." Akaigonga karatasi kwa kidole. "Sasa iko hapa. Angalia vile uliandika, maman. Mugonjwa kidogo. Donc alikuwa na wakati. Mama alikuwa anamungojea."

Binti alitazama sakafu. Ilionekana hadithi hiyo alikuwa ameisikia tangu utotoni.

"Na siku baba yako alifariki, papa?" nikamuuliza mzee.

"Nilikuwa tayari hapa Brussels. Bandugu bakanipigia telefone. Nikabaambia patron wa kazi amenikatalia congé, ruhusa ya kusafiri." Akaikunja tena karatasi. "Haikuwa kweli. Sikuomba hata."

Nikashuka chini kuleta sanduku. Ngazini nilikwisha kuikumbuka barua ile, na hasa mstari mmoja ambao sikuuweka kwenye muhtasari. Nilipoukuta mara ya kwanza niliuona ni habari ya nyumbani tu, haina kazi kwa watafiti.

Niliporudi nilimwomba binti akae karibu na baba yake upande wa kushoto, nami nikavuta kiti upande wa kulia. Mzee alinitazama, akamtazama binti. Macho yake hayakuweza tena kufuata wino uliofifia, kwa hiyo nikamsomea kwa sauti, kama nilivyowasomea majirani zamani:

"Kwako shemeji. Salamu mingi sana. Sisi wote tuko bazima, ni wewe tu tunakuuliza hali. Nyuma ya salamu ni hivi: mama mutoto eko na ugonjwa kidogo. Mutoto eko muzima, ananyonya kwa muke wa kaka. Wewe kuya mbio, usikawie njiani. Ni mimi shemeji yako."

Mzee aliinua mkono. "Soma tena apo. Pa kunyonya."

Nikasoma tena.

"Ananyonya kwa muke wa kaka," akarudia polepole. Alimjua mama huyo, ndiye aliyemlea, na hakuna mtu kwetu anayempa mwanamke mwingine mtoto amnyonyeshe wakati mama mzazi anaumwa kidogo. "Donc alikuwa amekwisha kufa."

"Ndiyo, papa."

"Siku ile banaandika, alikuwa amekwisha kufa."

"Ndiyo."

Hakulia. Aliweka kofia juu ya magoti, akaishika kwa mikono miwili. Mikono yangu, kwa mazoea ya kazi, ikaigeuza barua. Nyuma kulikuwa na muhuri wa ofisi, wa siku chache tu baada ya tarehe ya barua. Chini yake palikuwa na mstari wa penseli wa Kifaransa, mwandiko wa bwana wa ofisi, na herufi za mwanzo za jina lake. Nikamsomea kama ulivyo, kisha kwa Kiswahili: mke mgonjwa kidogo, ruhusa imekataliwa.

Binti aliuchukua muhtasari wangu kwa baba yake, akaukunjua, akauweka kando ya penseli ile. "Ni maneno yale yale," alisema kwa Kifaransa. Sidhani alikuwa na nia ya kunilaumu. Alikuwa anasoma tu. Lakini niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Yule bwana angalau hakujua mila zetu. Mimi nilijua, na bado tukakutana kwenye sentensi moja.

"Papa, ni mimi niliandika," nilimwambia. "Nilijua maana yake na niliandika vile. Unisamehe."

"Wewe ulikuwa kazini, maman," alijibu, lakini hakuwa ananitazama. Alikuwa anautazama muhuri. "Aliomba," akasema. "Baba aliomba ruhusa." Akaugusa kwa kidole. "Mi ndiye sikuomba."

Alipoondoka alitaka kopi ya upande wa nyuma peke yake.

Wiki zilizofuata niligombana na mkuu wa hifadhi kama sijawahi kugombana na mtu mzima mwenye tabia njema. Nilimwambia amri yake na penseli ya ofisi ni watoto wa mama mmoja. Aliumia, nikaona, lakini hakuyumba. Alisema kila msomaji akiongeza anachokijua, wajukuu wetu hawatajua tena karatasi ilisema nini, na ukweli ni kwamba hakukosea. Ndilo lililonichosha. Tulikuwa sote na haki, na mzee wa Ganshoren alikuwa amemchukia baba yake maisha mazima. Mwishowe tulikubaliana. Nakala ya neno kwa neno itabaki ilivyo. Pande za nyuma za barua zitapigwa picha, penseli na vyote. Na chini ya kila barua tutafungua sehemu mpya, ya kueleza mpokeaji alitakiwa kuelewa nini, nami nitaitia sahihi ili wa kulaumiwa ajulikane.

Nikafungua upya masanduku yote. Barua za kuumwa kidogo zilikuwa nyingi, na nyingi kati ya hizo zilikuwa na penseli ile ile nyuma. Sikuzihesabu. Profesa alikwisha kuhesabu vya kutosha. Kila nilipomaliza moja nilisoma salamu zake tangu mwanzo, zote, hata zile zinazotaja majirani na mbuzi, kisha ndipo nilipoirudisha kwenye jalada.

Mzee sasa alikuwa na tarehe. Kabla ya hapo alimwombea mama yake siku ya marehemu wote, pamoja na marehemu wa dunia nzima, kwa kuwa hakujua siku yake. Tangu mwaka ule alitoa nia ya misa huko Ganshoren kwa tarehe iliyokuwa juu ya barua, na padri alisoma majina mawili, la mama na la baba. Nilialikwa, nikawa naenda kwa basi kila mwaka. Baada ya misa tulikula kwao sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki, mzee akinitania kwamba mtu wa Evere hawezi kupika sombe, nami nikijibu kwamba wa Ganshoren wanajua kula tu. Juu ya kabati la vyombo aliweka ile kopi ya penseli ndani ya fremu. Wageni walidhani ni cheti cha kazi.

Miaka sita baadaye, Jumanne moja asubuhi, simu yangu ilitetemeka juu ya meza ya skana. Ulikuwa ujumbe wa yule binti. Miaka yote aliniandikia kwa Kifaransa. Safari hii aliandika Kiswahili: "Maman, papa eko mugonjwa kidogo. Ukuye." Yeye ni nesi, anayajua magonjwa kwa majina yake yote, na hakutaja hata moja.

Nilivaa koti, nikaenda mlangoni kwa mkuu kuomba ruhusa. Sweta ilikuwa ile ile, viwiko vimekwisha. Nikampa simu asome. Kwa miaka ile yote ya kukaa na barua zetu alikuwa amejifunza Kiswahili kidogo, na alisoma midomo ikitembea. Hakunirudishia simu mara moja. Alivuta kiti, akangoja mpaka nimeketi, kisha akaleta chake akakaa kando yangu.

"Mazishi ni lini?" akaniuliza.