Hukuweka Pini?

"Nilikuuliza, wifi, kwa mdomo wangu huu, nawe ukainua nyusi! Hukuinua?"

"Niliinua. Uliniuliza 'Hukuweka pini?' Nikakujibu ndiyo, sikuweka."

"Ndiyo, sikuweka! Huo ni wazimu wa ukoo wenu. Kaka yako naye alikuwa hivyo hivyo."

Lorina alisimama katikati ya banda lake, pini mpya imelala kiganjani, bado imo kwenye karatasi yake. Niliiokota mimi chini ya meza nikifagia. Kwetu nyusi zikiinuka ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana, na tangu utoto tunaelewana hivyo hata injini zikinguruma. Jana yake hatukuelewana: yeye alidhani nimeiweka.

Pini yenyewe ni kijichuma chembamba kama njiti ya kiberiti. Hupita katikati ya nati inayoshika gia ya juu, ndani ya boksi la cheni. Isipokuwepo, nati hulegea kidogo kidogo, gia huchomoka, cheni huanguka. Na pikipiki ya theluji ya Elwin breki yake imeshikana na gia hiyohiyo. Cheni ikienda, breki nayo imekwenda.

Elwin ni mwana wa pekee wa Lorina. Alikuwa ameondoka asubuhi kwenda kijiji cha ng'ambo ya mlima kuleta mapipa mawili ya mafuta ya kupashia nyumba. Ndiyo sababu tulibadilisha gia: gia ndogo huenda polepole lakini huvuta mzigo. Lorina alikaza nati, akaniachia pini, akatoka kuchukua oili. Pini ikaniponyoka. Aliporudi akauliza, nikainua nyusi, nikaenda kutafuta nyingine kwenye kopo la misumari. Nilipogeuka kifuniko kilikuwa kimefungwa. Nikasema moyoni, ameweka yake.

Nikapiga simu ng'ambo. Mwenye duka akasema, "Amepakia. Ana nusu saa tangu aondoke."

Lorina alichukua begi la spana.

Upande wetu wa mlima una mteremko ambao hata mbwa hushuka kwa adabu. Mtu akiushuka na mapipa mawili kwenye tela nyuma yake, bila breki, mzigo wake mwenyewe ndio utakaompiga.

Tulipanda pikipiki yangu kuukuu, yeye mbele, mimi nyuma na kopo la oili ndani ya koti ili lisigande. Lorina ni mpishi wa shule, ana miaka hamsini na minne, na spana alizishika baada ya kaka yangu Percy kuzama na barafu ya mto. Kabla ya hapo hakujua hata plagi. Sasa watu wa vijiji vitatu humletea mashine, naye huwatukana kwanza ndipo azifungue. Lakini tangu kifo kile ana ugonjwa mmoja: huuliza kila kitu kwa kukanusha. Hukufunga mlango? Hamjarudi? Mtoto hakula? Huuliza kama mtu aliyekwisha kupewa habari mbaya, anataka tu zithibitishwe.

Chini ya mteremko alisimamisha, akainama kutazama theluji. Alama zilikuwa za kupanda tu.

"Bado yuko juu," nikamwambia.

"Au amelala njiani na mguu umevunjika. Shika vizuri."

Mashine yangu ilikataa kutupandisha sote wawili. Nikashuka, nikapanda kwa miguu nikihema kama beberu, kopo la oili likinigonga mbavu. Juu niliposimama, Lorina alikuwa ameshaegesha pikipiki ikiwa imekingama katikati ya njia, na tayari tulisikia mngurumo. Elwin akajitokeza, akatuona, akakamata breki. Ilimshika kwa kusuasua, tela likamsukuma, akasimama hatua tatu kutoka kwetu.

"Mama? Shangazi? Nani amekufa?"

"Bado," Lorina akasema. "Zima."

Kifuniko kilipotoka, oili nyeusi ilimwagika kwenye theluji. Nati ilikuwa imebaki kwenye meno ya mwisho. Ndani ya kifuniko palikuwa na duara linalong'aa, gia ilipokuwa imeanza kukikwangua. Elwin aliinama, akaligusa kwa kidole.

Lorina alivua glavu. Alirudisha gia, akakaza nati hadi spana ikalia, akaniachia nafasi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, lakini safari hii pini ningeiingiza hata kwa meno.

"Pini umeiweka?" akauliza.

"Nimeiweka na ncha nimezikunja. Tazama."

Akatazama. Akaigusa. Akatazama tena. Kisha akamwamuru Elwin aisukume mashine kidogo ili ulegevu wote wa cheni uende upande mmoja, akaibonyeza cheni kwa kidole gumba. Ikikazwa mno hula beringi, ikilegea huruka meno. Alizungusha bolti ya kukazia kwa vidole vitupu, akabonyeza, akalegeza kiasi cha unywele mmoja, akabonyeza tena, mpaka ikabonyea upana wa ukucha. Ndipo akafunga nati ya juu yake. Kidole kilikuwa cheupe kama mafuta ya nyama. Nikamwaga oili, tukafunga.

"Nenda," akamwambia mwanawe. "Polepole. Ukinichekea nakufuata."

Elwin alipoanza kushuka, Lorina aligeuka akatazama upande mwingine, ambako hakuna kitu.

"Sema, wifi."

"Anapita penye lile jiwe kubwa. Tela limetulia. Breki inashika. Anapinda... amepinda." Nilingoja. "Amefika chini, mtoni. Anatupungia, mpumbavu yule."

Alikaa chini palepale kwenye theluji. Nilimshika mkono ule uliokuwa wazi, nikauingiza ndani ya koti langu, kwapani, ukanichoma kwa baridi hadi nikasaga meno.

"Niliuliza vibaya," akasema.

"Nami niliona kifuniko kimefungwa, nikanyamaza."

"Mimi ndiye fundi. Nisamehe, wifi."

Miaka ishirini na sita tangu aolewe kwetu nilikuwa namdai neno hilo, kwa hili na lile, na nilikuwa nimejiwekea mengi ya kumwambia siku atakapolilipa. Nikaona nisimwambie hata moja.

"Basi, hatudaiani," nikasema. "Inuka, utagandia hapo."