Kuku wa Pangoni

Sikumpenda yule Msafwa, na sitajifanya leo kwamba nilimpenda kwa sababu tu amekufa. Tulikuwa askari wa Keya pamoja, jeshi la Mwingereza, tumepelekwa nchi ya Malaya kusaka waasi msituni, mimi wa Kihesa, Iringa, yeye wa milimani juu ya Mbeya. Tangu melini aliniuliza mbele ya watu kama nyama ya mbwa huliwa na chumvi au bila chumvi. Wahehe tumeuzoea utani huo, lakini wake haukuwa na kicheko ndani yake. Nikawa namwekea kinyongo. Na kwa kuwa hakujua kuandika, barua zake zote kwa baba yake niliziandika mimi.

Siku moja ya mapumziko tulikwenda wawili kutazama hekalu la Wachina. Vilima vya mawe ya chokaa vilisimama wima katikati ya bustani za mboga, na hekalu lilikuwa ndani ya pango la kimojawapo. Humo mlikuwa na baridi kama ya asubuhi ya Juni kwetu. Moshi wa udi ulikuwa umeupaka mwamba masizi, maji yalidondoka kutoka juu, na sanamu zenye nyuso nyekundu zilitukodolea macho. Mtunzaji, mzee mwembamba aliyevaa fulana, alitukodolea zaidi. Hakututaka. Wachina wa huko walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani mwao kwa nguvu na kuzungushiwa seng'enge, na waliowalinda walivaa sare kama yangu. Wakati ule sikujali. Nilimtazama kwa jeuri mpaka akageuka.

Mbele ya sanamu kubwa palikuwa na machungwa, vikombe vya chai na kuku mzima wa kuchemshwa. Msafwa akavua buti. Akachuchumaa, akapiga makofi taratibu, kama wazee wao wanavyopiga kwenye msitu wa matambiko.

"Unafanya nini wewe?" nikamwuliza. "Si baba yako mwinjilisti?"

"Hapa kuna wenyewe," akasema. "Huwezi kuingia kwa watu bila hodi."

Kisha akanyofoa paja la kuku, akala. Kwao chakula cha tambiko huliwa na waliohudhuria, na anayekiacha ndiye aliyewadharau wenyewe. Mzee wa Kichina hakuyajua hayo. Alikuja na ufagio, akampiga mgongoni, kichwani, mgongoni tena. Msafwa hakumrudishia. Alijikinga uso tu huku anatafuna, amalize kilichokuwa mdomoni. Mimi nilicheka mpaka nikashika mwamba nisianguke.

Jumapili iliyofuata alinituma niandike kwamba yu mzima na mvua ni nyingi. Niliandika. Chini nikaongeza maneno yangu mwenyewe, kwamba nimemwona mwana wa mwinjilisti akiabudu sanamu na kula vyakula vyake. Nikamsomea barua bila sehemu hiyo, akanishukuru.

Risasi ilimpata kabla jibu halijafika. Nililifungua mimi. Baba yake alikuwa amesimama mbele ya usharika na kumtenga mwanawe kwa kinywa chake mwenyewe.

Nilipoachiliwa jeshini nilikaa nyumbani Kihesa wiki mbili. Nikashuka hadi Ipogolo, kwenye barabara kuu, nikapanda lori la Mbeya. Nilitaka jambo moja tu: kengele ya kanisa lao ipigwe na marehemu aombewe. Aliyetengwa hapigiwi kengele.

Mwinjilisti alinisikiliza kibarazani, amesimama. Mkewe alinipa maji, nikanawa, akaniwekea ugali na maharage. "Kula kwanza, mwanangu. Umetoka mbali."

Sikula. Nilimwambia baba, "Ile barua niliiandika kwa chuki."

"Uliandika uongo?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa jibu la ndiyo. Lakini nilikwisha kumdanganya mwanawe usoni, na kwa baba nilishindwa.

"Hapana."

"Alipiga makofi mbele ya sanamu?"

"Alipiga."

"Akala?"

"Akala."

"Basi umekuja nikanushe nini?"

Nilimchukia kwa swali lile. Nikaona nimwelekee mama, pengine yeye atalainika. Nikamweleza habari ya ufagio, jinsi mwanawe alivyopigwa asirudishe mkono.

"Alipigwa sana?" akauliza.

"Sana, mama."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?"

Maharage yalikuwa bado yanafuka moshi.

"Nilikuwa nacheka," nikasema.

Hakunitukana. Aliinama, akachukua ugali, akachukua bakuli la maharage, akavirudisha jikoni. Nilibaki pale kibarazani na mikono yangu niliyoinawa.