Mkono Gizani

Chuo alichosoma mjukuu wangu kilikuwa ghala la pamba. Waliokuwepo Bariadi miaka ile wanakumbuka: ushirika ulilegea, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, maghala yakabaki ya popo. Moja wakalichukua watu wa kanisa, wakapaka chokaa, wakaingiza madawati. Wanafunzi walikuwa wachache, wote wanajuana. Walisoma historia, fasihi, kuimba kwa noti, na somo moja ambalo mjukuu wangu alisema ni la kufikiri.

Nikamuuliza, "Kwani hapa nyumbani ulikuwa hufikiri?"

Akacheka. "Huko tunafikiri, bibi, halafu tunaulizwa kwa nini."

Mimi niliishia darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza. Nilitaka yeye amalize.

Ghala la pamba halina madirisha. Lina matundu juu, karibu na bati, na mlango mmoja mpana wa kupitisha marobota. Ukikaa ndani unaona mlango unavyowaka jua, na kwingine kote ni giza. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotuponza.

Lakini lazima nianze na mama yake. Alikuwa binti yangu wa pekee, na tulikuwa tukilima kule Kimali. Siku hiyo alikuwa shambani anachuma pamba na mwanamke jirani, jua la utosi. Mtoto nilibaki naye nyumbani. Jirani ndiye aliyenieleza yote, nami nilimfanya aeleze mara nyingi kuliko alivyotaka. Binti yangu aliinua kichwa akasema, "Mayu ananiita." Kwetu mayu ni mama.

Jirani akasema, "Mbona mimi sisikii?"

"Wewe si mwanawe."

Akatua kapu, akaitika, "Abee, mayu," akashuka mtoni ili avuke aje nyumbani. Mto ulikuwa mchanga mtupu. Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, kwetu halikudondoka hata tone, na maji yakaja mara moja kama yalivyo maji ya mto ule. Tulimpata kesho yake.

Saa ile mimi nilikuwa natwanga, wala sikufungua mdomo. Sauti aliyoifuata ilikuwa yangu, na mimi sikuita. Wazee wakasema ya kwao, padri akasema ya kwake. Nikawasikiliza wote, kisha nikamfundisha mtoto jambo moja: usimwitikie mtu ambaye hujauona uso wake. Hata mimi. Nikimtaka, nilikwenda nikasimama mbele yake ndipo nikamwita. Akakua hivyo, hakuniuliza sababu. Sababu aliijua kwa majirani.

Sasa chuoni. Kila asubuhi karani aliita majina, akafunga daftari, akarudi ofisini kwake. Huyu karani nilimjua. Siku za ushirika alikuwa karani wa mizani katika ghala hilo hilo. Alisimama mlangoni akituita wakulima mmoja mmoja, na asiyeitika, mzigo wake ulirudishwa nyuma ya foleni. Ghala likawa chuo, naye akaendelea kusimama pale pale, maana ndani karatasi haisomeki.

Ilipokaribia mitihani ya mwisho mjukuu wangu alifika nyumbani na baiskeli, uso umemvimba kwa kulia.

"Bibi, jina langu halimo kwenye mtihani. Wameandika sikuhudhuria."

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Nilikuwa tayari natafuta fimbo kwa macho.

"Darasani. Kila siku. Lakini yule karani anasimama mlangoni, jua liko nyuma yake. Simwoni uso, bibi. Naona mtu mweusi mrefu anaita jina langu."

"Ukafanya nini?"

"Nilinyoosha mkono."

Fimbo nikaacha kuitafuta.

Wenzake walikuwa wanamwita bubu wa bibi. Mwalimu wa historia alimtetea, lakini sheria ya chuo ilikuwa daftari, na daftari lilisema hayupo. Asipofanya mtihani ule, miaka yote aliyosoma ilikuwa kazi bure. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mtu mapema. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba bibi yangu amenikataza kuitika?"

Kesho yake tukaenda.

Karani akanipokea vizuri, kwa salamu ya kwetu. "Mwadila, mayu. Pamba yako mwaka huu umewapelekea akina nani?"

"Sikuja kwa pamba."

Nikamweleza. Akafungua daftari, akapitisha kidole. "Mayu, utaratibu unaujua. Asiyeitika hayupo. Hata wewe zamani usipoitika mzigo ulirudi nyuma."

"Ulirudi nyuma. Hukuandika kwamba sikulima."

Mwalimu wa historia alikuwa kando, akaficha kicheko. Karani akafikiri. Kisha akasema atamwita mbele ya mwalimu, mara hii tu. Akiitika, ataandika kwamba alikuwa hajaelewa utaratibu, na jina litarudi. Nikaona ni mtu wa haki. Mjukuu wangu akaenda kukaa mahali pake, kona ya nyuma, nami nikaketi kwenye dawati la pembeni.

Karani akasimama mlangoni.

Nilimjua mtu yule tangu ujana wake, na saa ile sikumjua. Alikuwa weusi uliosimama kwenye mwanga, hana macho, hana mdomo. Kisha kile kitu kikaita jina la mjukuu wangu.

Mkono wa mtoto ukapanda. Macho yake yakaja kwangu. Alikuwa ananisubiri mimi. Ningesema tu "itika" yangekwisha. Lakini sauti yangu ilishamtuma mama yake mtoni, na sasa nilitakiwa kuitumia tena kwa mtoto aliyebaki. Jina likaitwa mara ya pili.

"Abee," nikaitika mimi.

"Mayu, sikukuita wewe."

"Najua. Ingia ndani uone mkono."

Akaingia, akipapasa madawati, daftari kwapani, mpaka akafika kwenye kona. Mkono ulikuwa bado juu.

"Kila siku?" akamuuliza.

"Kila siku. Sasa nakuona. Niite."

Karani akamwita, mtoto akaitika. Jina likarudi, mtihani akaufanya, akafaulu.

Njiani siku ile aliniuliza mara moja tu. "Bibi, kwa nini uliitika wewe?"

"Tembea."

Hakurudia. Kwetu anayeitika ndiye mwenye mwito, kuanzia hapo unamtafuta yeye, na mjukuu wangu alijua hivyo. Akashika upindo wa kitenge changu kama mtoto, mtu mzima yule, mpaka tulipofika.

Sasa ni mwalimu, mbali. Nasikia anaita majina akipita dawati kwa dawati. Likizo iliyopita nilikuwa nachambua mchele mlangoni, mchana, nikasikia "Bibi" kutoka upande wa mtoni. Sikuinua kichwa. Ikaita tena, sauti yake kabisa. Nikaendelea kutoa mawe.

Baadaye akatokea na begi, akaja akasimama mbele yangu. "Bibi."

"Abee. Mbona unaniitia mtoni?"

"Mtoni? Mimi nimeshuka basi Mwandoya, nimekuja kwa barabara." Akatazama vumbi kwenye viatu vyake, kisha akanitazama mimi.

Aliweka begi chini, akavuta kigoda, akakaa kati yangu na upande wa mto, akachukua ungo akaendelea kuchambua.