Chachu Chini ya Kitanda

Nakumbuka siku moja, nikiwa nimeolewa juzijuzi hapa Thika, nilimwagiwa chachu yangu jikoni mwangu mwenyewe huku natazama. Mwanangu, hata leo nikiisimulia damu inanichemka.

Nilikuwa najifunza kuoka mkate bila hamira ya dukani. Rafiki yangu, mpishi wa hoteli moja Ruiru, alinielekeza: changanya unga wa ngano na maji kwenye chupa, uache uchachuke wenyewe, kila siku upunguze kidogo na kuongeza unga mwingine. Mkate wa kwanza hata mbwa wa jirani aliunusa akaenda zake. Uliofuata niliuunguza, maana nilirundika makaa mengi mno juu ya kifuniko cha sufuria. Sikukata tamaa. Mwishowe chachu ikapanda hadi mdomo wa chupa, nami nikamwahidi mama mkwe kwamba Jumapili atakunywa chai kwa mkate wangu.

Wiki hiyo wanawake wa kanisa wakaja kwetu kwa maombi. Mama mkwe akawapa uji wake wa kuchachusha kutoka kwenye kibuyu, wakanywa, wakaomba waongezwe. Kisha kiongozi wao, Mama Njoki, akaingia jikoni kurudisha kikombe. Akaiona chupa yangu, akaifungua, akanusa.

"Ngai! Nyumba ya mtu ameokoka inanuka pombe?"

Kabla sijajitetea, alikuwa ameshaimwaga kwenye sinki, anaikemea kama pepo, na wenzake wanaitikia amina. Nami nikasema pole. Pole! Kumwambia mtu aliyemwaga jasho langu!

Mama mkwe alisimama mlangoni. "Mama Njoki, hiyo uji umekunywa na ukaongezwa pia imechachuka. Umelewa?"

Akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa makali zaidi. "Na wewe unaomba msamaha ya nini? Si ungewaambia ni mkate?"

Walipoondoka, alichota kijiko kimoja cha uji kibuyuni. Kibuyu hicho hakikuwahi kumalizwa; siku zote aliacha kidogo cha kuanzishia uji mwingine, kama mama yake alivyomfunza. Akautia kwenye chupa yangu pamoja na unga. Jumapili hiyo alikunywa chai tupu. Mkate ulipopanda hatimaye, alikula kipande, akakata kingine.

Sasa naambiwa huko hosteli, Kahawa Wendani, unaificha chupa yako chini ya kitanda kwa sababu wenzako wanacheka harufu. Umeniudhi, mwanangu. Chachu niliyokupa ukienda chuoni ilianzia kwenye kijiko kile. Nyanyako ndiye unayemsukuma huko pamoja na viatu.

Itoe, uiweke mezani. Wakiuliza, waeleze. Mkate ukitoka mgumu, oka mwingine, na usimwombe mtu yeyote msamaha kwa kazi njema ya mikono yako.

Mungu akubariki. Unga usikauke kwako, na kila mgeni akikujia apate kipande cha moto, hata akiwa Mama Njoki.