Kipande cha Udongo Kisicho na Pa Kukaa

Saa tatu asubuhi, Mama Tabaka amepiga magoti kwenye sakafu ya stoo, anajaribu kuunganisha vipande viwili vya mwamba. Havishikani. Anachukua kingine. Kijasho chembamba kinamtoka, na chai aliyoletewa imeshapoa.

Kazi yake ni kuchora chini ya ardhi kwenye kompyuta, picha unayoweza kuigeuza pande zote na kuitazama mpaka ndani. Alichonacho ni mashimo matano membamba tu kwa kilima kizima, na vipande vya mwamba vilivyotolewa humo na kupangwa kwenye masanduku kwa kufuata kina. Kati ya shimo na shimo, anakisia.

"Watu wakiona rangi wanadhani nimefika huko," anasema. "Wapi! Nimekisia kwa adabu tu."

Jina la Mama Tabaka walimpa mafundi, maana hata keki ya harusi aliisifia matabaka.

Picha yake ndiyo inayoongoza handaki la maji linalochimbwa kilimani. Na kiongozi wa wachimbaji ni kaka yake wa tumbo moja.

Balaa lilianza juzi, kwenye soga. Dereva wa pikapu alikuwa akiilaani barabara, akasema sanduku moja la shimo la nne liliwahi kumwagika njiani. Wasijali lakini, yeye na utingo waliokota kila kipande wakavipanga vizuri, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo. Watu wakacheka. Mama Tabaka naye alicheka, kisha akakimbilia stoo kulifungua sanduku hilo.

Ndani ya sanduku hilo kuna kipande cha udongo laini. Mwamba uliovunjika hushikana kingo kwa kingo, kwa hiyo vingine karibu vyote ameshavirudisha mahali pake. Udongo hauna kingo. Zimebaki nafasi mbili: ukikaa ya juu, kuna mwamba mnene kati yake na handaki, ukikaa ya chini, ndio dari yenyewe, nayo yaweza kuwaporomokea wachimbaji.

Alimwendea msimamizi wa handaki roho mkononi. Akajibiwa kwamba shimo jipya litachimbwa, ila kazi haisimami kwa wasiwasi wa mtu. Alete jambo la uhakika. Tangu hapo chakula hakipandi. Mumewe anasema siku hizi anaongea na mawe.

Simu inaita. Ni kaka yake, yuko mlangoni mwa handaki, vijana wake wanavaa kofia.

"Mdogo wangu, hapo mbele kwenye picha yako kuna nini?"

Kwenye kompyuta rangi bado inasema mwamba mgumu.

"Kaka, hapo sijui."

Kaka anasikika akiwaambia vijana wavue kofia, wakae nje. Msimamizi akitaka kufoka, na afoke.

"Wewe ukisema hujui, mimi siingii," anasema, na kukata.

Mama Tabaka anakaa chini kabisa, machozi yanamlenga. Mtambo wa kuchimba shimo jipya unafika kesho, na amepania kusimama kando yake apokee kila kipande kwa mikono yake. Pale kwenye picha ameifuta rangi, pamebaki peupe. Anatumaini wakubwa watajifunza kuvumilia peupe.

Adhuhuri kaka anapiga tena. Analalamika jua kali huko nje, analalamika vumbi, analalamika nzi. Dada yake anamsikiliza bila kumkatiza, mpaka anaishiwa maneno.